Siku Moja Maishani Mwangu: Injini ya Ndege Ndani ya Boti ya Mizigo

Saa 11 alfajiri naswali, nanywa chai, nakagua mafuta na kamba. Saa 1 niko njiani kutoka Lamu kwenda Mokowe, gati ya upande wa bara. Kwa kawaida napakia saruji, mabati na kreti za soda. Leo ni injini ya ndege.

Ndege ndogo moja, Cessna Caravan, imekwama uwanja wa Manda. Ndege huundwa Marekani, injini yake Kanada, na uwanja uko kisiwani bila daraja. Injini iliyotoka Nairobi kwa lori lazima imalizie safari kwa boti.

Lori lilifika saa 3. Ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, na saa ile maji yamekupwa: kutoka ukingo wa gati hadi ndani ya boti ni zaidi ya kimo cha mtu. Ubavuni mwa kasha kulikuwa na kibandiko cheupe kinachogeuka chekundu likigongwa. Nikasema tungoje.

Mwakilishi wa kampuni alikuja juu. "Nahodha, ndege ikilala chini kila saa ni hasara! Shusheni!"

"Bwana, kasha likiponyoka hapa hasara ni injini nzima. Ngoja maji yajae."

Akapiga simu huku na huku, akamwita nahodha mwingine. Mwenzangu alikuja, akatazama kasha, akatazama maji, akaketi kando yangu. Bwana yule akaanza upya. Saa 4, saa 5, jua la utosi, maneno yale yale.

Fundi wa ndege, kijana wa Malindi, alinionyesha picha kwenye simu: bawa la A380 ya kampuni ya Airbus, ndege kubwa kuliko zote za abiria. Lilikuwa likiundwa Broughton, Wales. Lilipakiwa kwenye tishali, boti bapa ya mizigo, likateremka mto Dee hadi Mostyn, likaingia melini mpaka Pauillac, Ufaransa. Hapo tishali tena, kupanda mto Garonne hadi Langon, kisha barabara usiku hadi Toulouse, ambako ndege iliunganishwa. Mjini Bordeaux tishali lilikuwa likipita chini ya daraja la kale la mawe, na halikupita mpaka maji yawe kwenye kimo chake. A380 ya mwisho ilikabidhiwa 2021. Miaka yote ile walifuata maji.

Nilimwita bwana aje aone. Airbus nzima ilingoja maji! Alitazama, akasema hiyo ni Ulaya.

Saa 8 boti ilikuwa imepanda karibu sawa na gati. Tukalaza boriti za mikoko, mahamali wakashika kamba mbele na nyuma, kasha likateleza shibiri kwa shibiri hadi katikati ya boti. Likikaa mbele mno omo, pua ya boti, inazama. Baada ya hapo sikuangalia saa. Upepo ulikuwa wa ubavuni, nikaenda polepole, mkono kwenye usukani na jicho kwenye kamba. Mabega yaliniuma kuliko siku ya saruji.

Manda fundi alikagua kibandiko kabla ya kunisalimu. Cheupe. Akatia saini.

Pesa ya kungoja bwana alikataa kuilipa. Mahamali nimewalipa mwenyewe; jua lile liliwachoma na wao. Injini ya zamani itarudi Mokowe keshokutwa, na fundi ameshaniuliza maji yatafaa saa ngapi. Nimemwambia lori lisifike kabla ya saa 9.