Kijibwa cha Raskazone kumbe kwao Bukini

Juzi jioni kule Raskazone, Tanga, nimekutana na mama mmoja anatembeza kijibwa cheupeee, manyoya yake kama sufi ya mto, na vijana wa bodaboda pale kijiweni wote wanasema "mbwa wa kizungu huyo", na mie nikajua ndo hivohivo mpaka nilipomuuliza mwenyewe, akanambia huyu ni Coton de Tuléar, kwao Madagaska. Yaani jirani yetu kabisa! Babu yangu alokuwa baharia hakuwahi kutamka Madagaska, yeye alisema Bukini tu, kama walivyosema watu wa pwani toka zamani.

Usiku nikakaa na simu nasoma. Coton kwa Kifaransa ni pamba, Tuléar ni mji wa bandari kusini magharibi mwa kisiwa, siku hizi unaitwa Toliara, umetazamana na Mlango wa Msumbiji. Iko hadithi ya meli iliyozama, mbwa wakaogelea mpaka nchi kavu, tamu sana, ila mi naamini zaidi ile ya mabaharia wa Ulaya, walokuwa wanasafiri na vijibwa vyeupe vya jamii hii melini, wakitia nanga vingine vinabaki na kuzaana na mbwa wa pale, ndo mana Cuba wana wao, Havanese, Réunion nao walikuwa na wao ila ukoo ushapotea, na Bukini akatoka huyu. Bandari ndo zilivyo, sisi wenyewe meza na leso tumezipata kwa Mreno hivohivo.

Shirikisho la mbwa la kimataifa, FCI, lilimtambua 1970, Wamarekani na chama chao cha mbwa, AKC, hawakumtambua mpaka 2014. Lakini kilichonigusa mimi ni stempu. Nchi imepata uhuru 1960, na 1974 ikamtoa huyu kwenye stempu ya posta, kijibwa cha kilo tano sita hivi! Watu hawaweki kwenye stempu kitu wanachokiona cha wageni.

Yule wa Raskazone masikio yana rangi ya chai ya maziwa, mama anasema alipozaliwa ilikuwa imekolea, ikawa inafifia kadri anavyokua, nasikia wengi wao wako hivo.

Leo asubuhi nimepita tena kijiweni nikawaambia wale vijana, babu zake sawa walikuja na meli, ila yeye huyo ni Mbuki.