Waja leo, waondoka mwezi wa nne

"Samahani kaka, nyie ndo mliokuja kupima viwanja?"

Hili swali nimeshaulizwa mara nne mwaka huu, na zote ni palepale kwenye kijiwe cha bodaboda, njia ya kwenda kwenye mashamba ya chumvi. Wala simlaumu anayeuliza, maana ukituona tulivyo, watu tisa, kofia za pama, madaftari, limrija likubwa limesimamishwa kwenye miguu mitatu, hata mimi ningekimbia kuficha hati ya shamba langu. Nikimjibu hapana, tunaangalia ndege, jamaa ananyanyua uso juu. Anatafuta Bombadia.

Basi kwa wasiotujua, klabu yetu ya ndege hapa Tanga haina ofisi wala fulana, ina grupu la Wasapu na darubini tano, mbili zina ukungu ndani. Kuna Mwalimu, kuna dada mmoja wa benki, kuna fundi friji, na kuna mama mstaafu ambaye wote tunamwita Bi Mkubwa, huyo hana darubini na hataki, na bado anamuona ndege kabla yenu wote. Mwaka mzima tunatokatoka hivyohivyo ila msimu wenyewe ni huu, mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, kusi inalegea, kaskazi haijakamata, vuli inanukia. Kule Ulaya na Urusi majani yanapukutika, wadudu wanaisha, matope yanakaribia kuganda kuwa barafu, na ndege wa huko wanafungasha virago kuja huku. Si mnaujua ule msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo? Hawa jamaa msemo hawajausikia, wanaingia mwezi wa nane wa tisa, wanakula bure, pango hawalipi, na kuondoka ni mpaka mwezi wa nne huko.

Sasa niwaambie tulivyoaibika.

Sisi tulichokuwa tunajua ni kwamba ndege ni asubuhi na mapema. Na kwa msituni ni kweli kabisa, ukipanda Amani, kule kwenye msitu wa milima ya Usambara, ukazubaa mpaka saa tatu ushakosa nusu ya mambo. Tukaibeba kanuni ya mlimani tukaishusha nayo baharini. Jumamosi moja mwanzoni mwa mwezi wa tisa tukakutana saa kumi na moja alfajiri, chai ya rangi kwenye chupa, vitumbua vya Bi Mkubwa vya moto, baiskeli zimepangwa, na mwezi mpevu ndo unazama upande wa bara, mkuuubwa, rangi ya embe dodo, tukausifia weee, wengine wakapiga na picha wakaweka status. Watu tisa. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mwezi mpevu kwa mtu wa pwani maana yake nini.

Maana yake bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana. Tumefika maji yameshaanza kuondoka, saa tatu yamekimbia, saa nne na nusu bahari haipo, ni matope na majani ya bahari mpaka macho yanagoma, na ndege wapo, tena mamia, ila ni vinukta vinachezacheza kwenye mvuke wa jua kule mwisho wa dunia. Mwalimu akatega darubini ya miguu mitatu akasema ile ni sululu. Fundi friji akasema ile ni chupa. Tukabishana robo saa nzima. Ilikuwa chupa.

Kilichoniuma mimi ni akina mama waliokuwa wanaokota kombe. Walikuwa katikati ya hao ndege hasa, wameinama na ndoo zao, ndege wanawapisha hatua mbili tatu halafu wanarudi kuchokoa palepale, kama watu wanaopishana sokoni. Na sie wenye vifaa tupo mchangani tunafinya macho.

Wakati wa kurudi tukapita kwenye majaruba ya chumvi, wote kimya, jua linachoma shingo, tukamkuta mzee anakokota chumvi kwa ubao wenye mpini mrefu. Shikamoo babu. Marahaba wajukuu, mwatafuta nini? Ndege. Akasimamisha ubao akatuangalia mmoja mmoja.

"Ndege wa maji mwawafuata maji yakienda? Hao waenda na chakula chao. Maji yakijaa hawana pa kukanyaga, wote waja hapa kwangu. Njooni saa tisa."

Ndo hivyo tu. Yaani miaka mitatu ya klabu, apu mbili kwenye simu, na jibu lilikuwa kwa babu wa chumvi. Nimeenda nyumbani nikakaa na jedwali la maji nikalielewa kwa mara ya kwanza. Huku kwetu mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji yanajaa saa kumi hivi, alfajiri na jioni, yanapwa saa nne, na tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita tatu, sasa hebu fikiria matope yote yale yanavyomezwa. Halafu kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka, kujaa ni saa nne asubuhi, ila hapo ni maji mafu, hayapandi sana, ndege wengine wanabaki na vipande vyao vya tope na hawana haja ya kuja kwenye chumvi kabisa. Kwa hiyo mtu wa ndege wa pwani hahitaji saa ya ukutani. Anahitaji kujua mwezi una siku ngapi, kama mvuvi.

Wiki mbili baadaye, mwezi umeandama, tukatoka tena. Safari hii saa nane mchana, jua kali, watu wananung'unika, tumekaa chini ya mkoko mmoja ulioinamia tuta. Saa tisa kasorobo hakuna kitu, kunguru tu. (Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu asili yao India, waliletwa Unguja miaka ya 1890, leo hakuna jalala la Tanga wasilolimiliki, ila nisianze hiyo mada nitaharibu siku.) Halafu Bi Mkubwa akasema, haya wale.

Wakaja. Kwanza wachache, wanazunguka majaruba bila kutua kama wanahakikisha kodi, halafu makundi makundi kutoka baharini, chini chini, wanageuka wote pamoja, upande huu weupe upande huu kahawia, na ile sauti ya mabawa, shwaaa, kama mtu anapepeta mchele. Sululu wakatua wa kwanza. Kama hamumjui, ndege mkubwa kiasi, kahawia, mdomo mrefu umepinda kuelekea chini, na nina imani hakuna ndege aliyepewa jina la haki kama huyu maana mtazame, ni sululu la kuchimbia kabisa lenye miguu. Akiruka anapiga filimbi mara saba hivi za harakaharaka. Mwalimu alikuwa anahesabu kwa vidole, akapata saba, akafurahi kama aliyezitunga yeye.

Lakini aliyenimaliza mimi ni mla kaa. Pembeni ya tuta kulikuwa kumebaki utepe wa tope ambao maji hayajaufikia, na hapo akatua mmoja, mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi kama kisu cha buchani. Akasimama. Kimya. Kaa akachungulia tunduni, akatoka kidogo, na jamaa akatimua mbio, mbio za kweli, kichwa chini, akamkamata, akamtikisa mpaka gando likaruka, akamtikisa tena, la pili likaruka. Nikadhani sasa anakula. Nyuma yake akaja mwingine wa kijivujivu, mkubwa sawasawa na yeye, analialia kichwa amekiinamisha, na yule wa kwanza akampa yule kaa. Akampa! Huyo ni mtoto wake. Mwalimu akatuambia hawa wanazaliana huko Uarabuni, pembezoni mwa Ghuba na Bahari ya Shamu, wanachimba mashimo kwenye mchanga na kutaga humo, kawaida yai moja tu, na mtoto hata akishajua kuruka anakuja na wazazi mpaka huku na anaendelea kulishwa. Bi Mkubwa akatikisa kichwa akasema, "Huyo namjua, yuko nyumbani kwangu ana miaka ishirini na sita."

Shughuli pevu ni hawa wadogo. Msimu huu ndege wanakuja wameshavua au wanavua nguo zao za harusi, yaani manyoya ya rangi ya msimu wa kuzaliana, kila mtu kijivu juu mweupe chini, na unatakiwa umjue nani ni nani. Wale wadogo kabisa wa gramu ishirini na kitu, hata nusu ya andazi hawafiki, sisi tunawaita chenji, maana ni wengi na kuwahesabu ni shida. Halafu wapo waliozidi kidogo, mdomo umepinda kwa mbali, wanatoka Siberia kule kaskazini kabisa kwenye barafu, zaidi ya kilomita elfu nane mpaka hapa, na hao sisi tumewabatiza vitwitwi wa Siberia. Dada wa benki akasema kundi la mbele yetu ni vitwitwi wa Siberia, mmoja bado ana viraka vya rangi ya tofali tumboni, si mnaona? Mwalimu akasema hapana, ule mdomo haujapinda vya kutosha. Kuna namna ya ukweli hapo, wakiwa wamesimama mguu mmoja na mdomo wameuchomeka kwenye manyoya ya mgongoni utaujuaje umepinda? Kipimo cha uhakika ni kiuno, wakiruka wana kiuno cheupe pe. Ila hawaruki. Wamelala. Na sheria ya klabu ni hakuna kuwarusha, maana wamesafiri mpaka kuchoka na hapa ndo pa kupumzikia. Ubishi ukafika pabaya, dada akamwambia Mwalimu kwa heshima zote nakuheshimu lakini macho umri unayaonea.

Hapo ndo simu ya fundi friji ikaita. Taarabu, kinanda na ngoma, sauti mpaka mwisho.

Kundi lote likanyanyuka. Na viuno vyote vyeupe.

Hatukujua tumgombeze au tumshukuru. Dada hakusema neno, akaandika tu kwenye daftari, pole pole, kwa herufi kubwa.

Na msidhani huu ugonjwa ni wa leo hapa Tanga. Kuna Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, alikuja Amani mwaka 1928, na kwa kazi hakuwa mtaalamu wa ndege, alitokea ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi kule Misri, dada wa benki ana picha yake kwenye simu kama mtakatifu wake. Alikaa huko juu Usambara karibu miaka ishirini akiandika ndege, na baadaye kabisa ndo akaja na ile hesabu maarufu kwamba kila mwaka ndege bilioni tano hivi wanahama kutoka kaskazini kuingia Afrika. Mwaka 2009 wengine wakapiga upya hesabu ya wale wa nchi kavu tu wanaotoka Ulaya wakapata kama bilioni mbili na kidogo. Hata bilioni moja, mimi niliyeshindwa kuhesabu chenji za jaruba moja sina neno.

Tumerudi tena juzi, mwezi wa kumi na moja huu. Mawingu yamekaa upande wa Usambara tangu asubuhi. Tulipofika babu hakutuangalia hata, yuko juu ya tuta anavuta turubai kwenye lundo la chumvi na lile turubai lina matundu. Nikamwambia babu leo ndege wengi kweli. Akasema, "Nyie mwachekelea. Miye wakishakuwa wengi hivi najua mvua i njiani, na chumvi yangu yaenda na maji."

Sikuwa nimefikiria hilo hata siku moja. Chumvi ni ya kiangazi, vuli ikishuka majaruba yanajaa maji baridi na kazi imeisha mpaka jua lirudi, kwa hiyo ndege tunaowasubiri sie mwaka mzima kwake ni kama barua ya kusimamishwa kazi. Tukaweka darubini chini. Fundi friji akapanda juu ya lundo, sie tukashika pembe za turubai, Bi Mkubwa anaamrisha, makuti juu ya matundu, mawe juu ya makuti, na tone la kwanza likadondoka tukiwa tumebakiza upande mmoja. Ule upande mmoja ulienda. Sio wote lakini ulienda, tuliuona unavyoshuka tuta kama maziwa.

Ndege walikuwa palepale jarubani, mvua inawapiga, wote wamegeuza nyuso upande wa upepo, hakuna aliyeondoka.

Daftari lililowa. Kinachosomeka ni sululu 14, mla kaa 31, halafu "chenji" na namba yenye sifuri mbili au tatu, wino umetawanyika, kwa hiyo hiyo siku haiingii eBird, lile daftari la ndege la mtandaoni, samahani sana Mwalimu.

Bamvua ijayo mwezi ukiwa mpevu tunatoka tena, Jumamosi, saa nane kamili kijiweni kwa bodaboda. Mje na kofia na maji ya kunywa, nguo nyeupe na nyekundu acheni nyumbani, na mwenye turubai zima la ziada aje nalo. Fundi, simu yako zima. Au basi, iache, kuna kundi jingine Mwalimu anabishia.