Hesabu safari kabla ya kuhesabu magunia

Nyumba nyingi za vijijini huku Nyanda za Juu Kusini, iwe Mufindi, Njombe au Mbozi, huwa na mahindi ya kutosha ndani. Mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza ukitangazwa na watu wakatakiwa kubaki nyumbani, njaa siyo itakayowatoa watu nje. Kitakachowatoa ni mashine ya kusaga, bomba la kijiji, chumvi iliyoisha, dawa ya bibi na chaji ya simu. Kwa hiyo kaeni jioni moja mwandike kila safari iliyofanywa wiki iliyopita: nani alitoka, alikwenda wapi, alifuata nini. Kila safari imalizwe mapema, au ikabidhiwe mtu mmoja mwenye nguvu na afya.

Pangeni kwa siku 21. Ndizo siku za kumfuatilia mtu aliyekutana na mgonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi, kama ilivyofanyika Kagera mwaka 2023. Kipindupindu hujitokeza ndani ya siku tano, kwa hiyo mkiziweza 21 hamtapungukiwa.

Mashine ndiyo safari ngumu kuliko zote, maana pale watu hubanana kwenye foleni na vumbi. Watu sita, kila mmoja nusu kilo ya unga kwa siku, ni kilo 63, yaani kama madebe matatu na nusu ya mahindi. Hayo ni ya dona. Mkikoboa, ongezeni, kwa kuwa pumba inatoka. Dona huwahi kuchacha kwa sababu kiini chenye mafuta kimesagiwa humo humo, basi anzeni nayo na sembe ibaki ya wiki ya mwisho. Kabla ya kupeleka mahindi, pimeni ukavu: tieni kiganja cha mahindi na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu, mtikise. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisheni mahindi juani. Punje zenye ukungu zitupwe, kwa kuwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa. Na unga ukitoka mashineni ukiwa wa moto usifungwe. Utandazeni kwenye turubai safi upoe, la sivyo jasho litabaki kwenye mfuko na siku ya kumi mtakuta mabonge.

Acheni debe moja zaidi bila kusaga, kwa ajili ya kande. Maharage yanatosha kilo 13 hivi. Yakilowekwa usiku kucha, kuni zinapungua sana, na safari ya kuni nayo inapungua. Chumvi kilo moja, mafuta lita nne, na nusu kilo ya sukari iwekwe pembeni isiguswe kwa chai.

Sukari hiyo ni ya mtu atakayeharisha siku pakiti za ORS, za kurudisha maji mwilini, zitakapokosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pimeni kwa kijiko kilichosawazishwa. Chumvi ikizidi, inaweza kumdhuru mtoto.

Maji hayawekwi akiba ya siku 21. Lita 15 kwa mtu kwa siku ni karibu madumu matano ya lita 20 kila siku kwa nyumba hiyo. Mtu mmoja aende bombani alfajiri kabla foleni haijajaa, na akirudi anawe kwanza kwenye kibuyu chirizi, chombo cha kunawia maji yakichirizika, kilichowekwa getini, siyo jikoni. Ya kunywa yachemshwe. Huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo kwenye vijiji vya Makete vilivyopita mita 2,000 yaacheni yatokote dakika tatu. Kisha yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na bomba. Kikombe kinachochovywa ndani kinaharibu kazi yote.

Dawa zisisubiri. Njombe, Iringa na Mbeya zina kiwango kikubwa cha VVU, na mtu kukatiza ARV, dawa za VVU, kwa kuogopa mlipuko ni hatari ya uhakika. Ulizeni kliniki mapema kama anaweza kupewa za miezi mitatu. Vivyo hivyo kwa presha na kisukari. Mjamzito mwenye dalili za hatari na mtoto mwenye homa kali wapelekwe kituoni hata kama kuna mlipuko.

Baridi ya Juni na Julai ina mtego wake. Watu wakishinda ndani, jiko la mkaa huingizwa chumbani na madirisha hufungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Ongezeni mablanketi, jiko libaki nje.

Wenye ng'ombe wa maziwa Rungwe wawe na pumba ya wiki tatu na mtu mmoja wa kupeleka maziwa, mwenye chombo chake mwenyewe.

Chumba chenye dirisha kitengwe mapema kwa mgonjwa, pamoja na ndoo yake, sahani yake na mhudumu mmoja tu. Namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haikati salio, iandikwe ukutani kwa mkaa, ili hata mtoto aweze kuisoma pale simu ya baba itakapokuwa imezima na ikabidi aazime ya jirani.