Nzi anayejifanya nyuki seremala

Amekaa kwenye ncha ya mti mkavu pembeni mwa shamba la kahawa: mweusi, mnene, miguu imejaa manyoya, akiruka anavuma. Wengi watasema ni nyuki seremala, yule anayetoboa boriti za nyumba. Ni nzi, wa jenasi Hyperechia, katika familia ya Asilidae, nzi wawindaji ambao spishi zao zinazidi 7,000 duniani.

Usihesabu mabawa, maana nyuki akitulia huunganisha mabawa yake manne yakaonekana mawili. Tazama kichwa. Katikati ya macho ya nzi huyu pana bonde, kana kwamba utosi umebonyezwa kwa kidole, na juu ya mdomo ana sharubu ngumu. Vipapasio vyake ni vifupi na vinaelekea mbele. Vya nyuki vimepinda kama kiwiko. Mdomo wa nzi huyu ni mkuki: huchoma windo, huingiza mate yenye sumu na vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama ya ndani, kisha hufyonza. Kwa hiyo usimshike kwa vidole.

Utamu wa habari yake uko ndani ya mbao. Mabuu yake hukulia kwenye mashimo ya nyuki seremala na kula watoto wa nyuki humo humo. Mkusanyaji wa vielelezo vya wadudu akikuletea nzi mkavu kwenye sindano bila kipande cha ule mti, amekuletea nusu ya habari.

Tafuta kigogo au nguzo kuukuu yenye tundu la duara linaloingia kidole, na unga wa mbao chini yake. Kipasue asubuhi kungali baridi, kabla nyuki hawajachangamka, jike huuma. Weka panga kufuata nyuzi za mti, ligonge kwa rungu polepole. Ukipiga kwa hasira utaponda kila kilichomo, na ndivyo vigogo vingi huharibika. Ndani kuna vyumba vilivyotengwa kwa kuta za unga wa mbao, kila kimoja na bonge la chavua na mtoto mmoja. Buu wa nyuki ni mweupe, mnene, amejikunja, hana haraka. Buu mrefu, mgumu, mwenye kichwa kidogo cheusi kilichochongoka ndiye unayemtaka.

Mweke ndani ya kipande kile kile cha mti kwenye kopo pana lililofunikwa wavu, pamoja na mabuu ya nyuki ya kula. Mti ukikauka kabisa atakufa, ukilowa utaota ukungu. Kitambaa chenye unyevu kidogo pembeni kinatosha. Pia kagua vigogo ambavyo hukuvipasua. Pupa wa nzi hawa, yaani buu aliye gandani akigeuka kuwa nzi, ana miiba, hujisukuma hadi nusu ya mwili iko nje ndipo nzi kamili atoke. Ganda tupu lililochomoza tunduni ni ushahidi tosha, lichukue.

Nzi kamili mkamate jua likiwa kali. Ukimkosa usimfukuze: nzi wawindaji hupenda kurudi kwenye kituo kile kile, kwa hiyo tega wavu hapo usubiri. Akiwa amebeba windo, viweke pamoja chupani na baadaye kwenye sindano moja. Dawa ya kuulia ikizidi, manyoya hugandamana na rangi haisomeki. Sindano ipite kifuani, kulia kidogo kwa mstari wa kati. Kibandiko kiwe na wilaya, kijiji, namba za mahali za GPS, mwinuko, tarehe, jina la mkamataji na aina ya mti.

Sisimizi ndio maadui wakubwa wa sanduku la vielelezo. Wanamaliza kazi ya mwezi kwa usiku mmoja. Miguu ya meza itumbukize kwenye vikopo vya mafuta machafu ya gari.

Hapa Uganda, kwenye hifadhi za taifa kibali kinaombwa UWA, mamlaka ya wanyamapori, na kwenye misitu ya serikali kuu kinaombwa NFA, mamlaka ya misitu. Shambani kwa mtu, mwenye shamba aulizwe kabla panga halijagusa nguzo yake.