Nyota na Kondoo Sita

Molo, Jumamosi jioni

Leo, kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazoezi ya kuchunga miezi minne iliyopita, mbwa wangu Nyota amewazunguka kondoo wote sita bila kumgusa hata mmoja, akasimama upande wa pili wa kundi, akainamisha kichwa na kusubiri. Ukungu ulikuwa haujaondoka malishoni. Ninaandika haya kabla ya kwenda kukamua, nisije nikasahau namna kondoo walivyogeuka na kuanza kunijia kwa mwendo wa kawaida, bila kukimbia.

Nyota ana mwaka mmoja na miezi miwili. Mama yake ni Border Collie, aina ya mbwa wa kuchunga kondoo, na baba yake ni mbwa wa kienyeji kutoka upande wa Elburgon. Tangu akiwa mdogo alikuwa akiwanyatia kuku, mwili chini na macho mbele, nami nikadhani kwamba mbwa mwenye silika kama hiyo hahitaji kufundishwa mengi. Silika hiyo anayo kweli. Wafugaji wa aina hii ya mbwa humtaja mara kwa mara Old Hemp, dume aliyezaliwa Northumberland, Uingereza, mwaka 1893, ambaye alisifiwa kwa kufanya kazi kimyakimya, akiwaongoza kondoo kwa macho bila kelele wala meno, na damu yake imeenea katika aina nzima. Hata hivyo, silika humpa mbwa hamu ya kuwafikia kondoo tu. Haimfundishi asimame umbali gani, wala haimfundishi mwenye mbwa asimame wapi.

Hilo la pili ndilo lililonigharimu. Kabla ya kumwona kondoo hata mmoja, Nyota alikuwa amejifunza kulala chini nikimwambia na kurudi nikimwita, naye alivaa kamba ndefu aliyoiburuta ili niweze kumzuia kwa kuikanyaga. Nilidhani tuko tayari. Katika mwezi wa pili alimkamata jike mmoja kwa sufu ya pajani, jike akaruka ua na kuchanika mguu, na usiku ule sikupata usingizi kwa sababu kondoo wale si wangu. Ni wa Mzee jirani yetu, aliyechagua majike sita wa aina ya Corriedale, wakubwa, wasio na mimba wala wana-kondoo, akaniazima kwa moyo mweupe. Nilipokwenda kumwomba radhi hakunikemea. Alitaka kujua mimi nilikuwa nimesimama wapi, nikamweleza kwamba nilikuwa nikikimbia nyuma ya mbwa nikimwita. Akaniambia, "Mwanangu, wewe unamtazama mbwa. Watazame kondoo."

Nimelifikiria jambo hilo kwa majuma mengi. Mbwa wa aina hii hutaka kumletea mtu wake mifugo. Kwa hiyo, kondoo wakiwa katikati, yeye hutafuta mahali palipoelekeana na mtu huyo, kama vile saa 12 inavyoelekeana na saa 6 kwenye uso wa saa. Mtu akisogea kushoto, mbwa naye husogea ili kulinda ulinganifu huo. Nilipokuwa nikimkimbilia kutoka nyuma, nilikuwa nimehamia upande wake, kundi likabaki bila mtu wa kuletewa, na mimi mwenyewe nikawa ninamsukuma kuwaingilia kondoo. Kondoo nao wana mpaka wao usioonekana. Mbwa akiwa nje ya mpaka huo huinua vichwa na kumtazama, akiukaribia huanza kusogea taratibu, na akiuvuka ghafla hutawanyika. Masikio na shingo za kondoo hutoa habari hiyo mapema kuliko mkia wa mbwa, na sasa ninaelewa kwa nini Mzee alinielekeza huko.

Amri zetu ni nne. Wachungaji wa Uingereza wana maneno yao ya kale, lakini mimi nilitaka ya kwetu, yasiyofanana sikioni: "zunguka" kwa kufuata mwendo wa saa, "pita" kwa kwenda kinyume chake, "lala", na "basi" ya kumaliza kazi. Tunafanya mazoezi kwa dakika kumi tu, kwa sababu baada ya hapo kondoo huchoka na Nyota huanza kukata kona. Kabla ya yote hayo alipata chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya minyoo, na simruhusu kabisa kula maini wala mapafu mabichi siku tunapochinja, maana tegu wa mbwa huacha mayai yanayosababisha vifuko vya maji katika viungo vya kondoo na vya binadamu pia. Ningependa kila mwenye mbwa anayechangamana na mifugo alizingatie hilo.

Katika mashindano ya mbwa wa kondoo, ambayo yamekuwa yakifanyika tangu yale ya Bala, Wales, mwaka 1873, safari ndefu ya mbwa kulizunguka kundi hupewa alama 20, na ule wakati mfupi ambapo kondoo wanamkubali na kuanza kusogea hupewa alama 10 peke yake. Zamani nilishangaa kwa nini sekunde chache zithaminiwe hivyo. Asubuhi hii nimeziona: Nyota amesimama, jike aliyeumia mguu ndiye aliyemtazama kwanza, akashusha masikio, akageuka bila haraka, na wenzake watano wakamfuata.

Nilirudi nyuma hatua nane, nao wakaja. Nikasema "lala", akalala. Nikasema "basi", akaja na kuegemea goti langu, na kondoo wakaanza kula majani palepale walipokuwa. Mzee alikuwa ameegemea lango muda wote huo. Amesema Jumatano nimwanzishe Nyota mbali zaidi, kutoka kwenye ule mti wa malishoni, naye ataleta kondoo wawili zaidi.