Siku Watasema alipogongwa na kifutu

Mjomba wangu wa Pawaga hajawahi kukaa bila mbwa. Mwaka 2014 alikuwa nao watatu, mkubwa anaitwa Watasema, jike lake Tutaonana, na kijana mmoja wa masikio ya kulala tulimwita Sijali. Kwetu Iringa mbwa anapewa jina la kuwafikishia majirani ujumbe, kwa hiyo mjomba akisimama uani jioni akaita wote watatu kwa sauti, kuna watu walikuwa wananuna kweli.

Hao mbwa hawakuwa wa mapambo. Huko chini Pawaga ni bonde, joto, watu wanalima mpunga wa skimu kwa maji ya Ruaha Mdogo, na mpunga ukianza kuinamisha vichwa ndo ndezi wanaingia. Ndezi akiingia kwenye jaruba usiku mmoja anakukata mashina kama mtu mwenye panga, na hali yote, anakata tu anaacha. Kwa hiyo tunawinda na mbwa, kando ya mifereji, kwenye matete, mashambani kwetu wenyewe maana upande wa hifadhi hatukanyagi na mbwa, ni kesi. Nyama yake tamu sana tu, sitaki kudanganya, ila sababu kubwa ilikuwa mpunga.

Sasa penye ndezi na panya pana nyoka. Bonde lile lina swila wale wanaotema mate, lina koboko, na lina kifutu, huyu mnene mfupi kichwa kipana, rangi yake ukimuona kwenye majani makavu humuoni. Yaani swila akikuona anainuka anatanua shingo, koboko mara nyingi anakimbia zake, kifutu yeye kalala. Halali usingizi, katulia tu anasubiri panya apite, na wewe ukipita karibu bado katulia, mpaka umkanyage au umpumulie usoni.

Hiyo siku ilikuwa mwezi wa tano, nilikuwa nimeshuka kutoka Iringa mjini kumsaidia mjomba kuvuna. Jioni jua limepoa tukatoka na mbwa, mimi, mjomba na mdogo wangu. Tulifuata tuta la mfereji, kushoto maji kulia matete yamenizidi urefu. Tutaonana alikuwa mbele kabisa pua chini, akapita, Sijali akafuata nyuma yake, mi nikapita na ndala zangu, mdogo wangu akapita. Watasema alikuwa amebaki nyuma ananusa tundu la ndezi, akaja mbio kutufikia, na alipofika sehemu tuliyopita wote akashusha pua kwenye rundo la majani ya mpunga makavu. Nilisikia sauti ya kupuliza nzito kama pampu ya baiskeli, na papo hapo mbwa akapiga ukelele mmoja tu. Mmoja. Watasema hakuwa mbwa wa kulia, hata nguruwe pori alishamchana ubavu akanyamaza.

Nikageuka nikamuona kifutu anajirudisha nyuma, mwili umevimba, kichwa kimeelekea kwetu. Mkono wangu ukaenda kwenye panga mjomba akanizuia, "Muache huyo! Ita mbwa!" Maana Sijali alikuwa anarudi kwa fujo kutaka kumpigania mwenzake na hapo tungepoteza wawili. Mjomba akapiga mluzi wake ule wa kuita chakula, Tutaonana na Sijali wakasita, mdogo wangu akawadaka akawafunga kamba. Kifutu akaingia kwenye matete polepole kabisa bila haraka yoyote, tukamuacha.

Watasema alikuwa amekaa chini anajilamba. Juu ya mdomo upande wa kulia, karibu na pua, kulikuwa na matone mawili ya damu, madogo, ungedhani miba. Mjomba alichomoa kisu akakata ukanda wa shingoni kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Sikuelewa wakati ule ila baada ya muda mfupi nikaelewa, maana uvimbe ulianza nikiwa namtazama hivi hivi kwa macho, mdomo ukanenepa, ukaja shavu, jicho likaanza kufungwa, ukashuka kooni. Ule ukanda ungebaki ungemnyonga. Mate yakawa yanatoka yana rangi ya damu.

Ngoja niseme kidogo mjomba alijulia wapi. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kambi za uwindaji wa kitalii upande wa Rungwa, kazi yake kufuata nyayo. Huko aliwahi kukaa na mgeni mmoja Mmarekani kutoka Texas, mzee wa kupenda mbwa kuliko watu, kwao anawinda ndege wa porini na mbwa. Kwao kuna nyoka ana njuga mkiani, akikasirika anazitikisa, na anagonga sana mbwa wa uwindaji. Basi yule mzee jioni motoni alikuwa anamsimulia mjomba kwamba kwao kuna watu kazi yao ni kufundisha mbwa kuogopa nyoka. Wanaleta nyoka wa njuga mzima, mdomo umefungwa au yuko kwenye kizimba cha wavu, mbwa anavishwa kola ya umeme, akisogea kunusa anapigwa shoti shingoni. Mbwa anaunganisha harufu ile, umbo lile na mlio wa njuga pamoja na yale maumivu, kesho akikuta nyoka kweli anaruka pembeni. Na akamwambia pia kuna chanjo. Mbwa anachomwa mara mbili, kama mwezi mmoja katikati, halafu anarudiwa kila baada ya muda, mwili wake unakuwa na kinga kidogo dhidi ya sumu ya huyo nyoka. Ila yule mzee ndo alimsisitizia, mbwa akigongwa hata kama kachanjwa unambeba unakimbia kwa daktari, humuachi atembee, maana akitembea damu inazunguka haraka na sumu nayo.

Kwa hiyo mjomba akanivulisha shati, akatandika na kiroba, tukambeba Watasema kama mgonjwa. Kilo zake sijui ngapi ila mgongo wangu ulijua.

Tulipofika barabarani watu wakajaa, na kila mtu ana dawa. Mmoja kaja na wembe anataka kuchanja pale alipogongwa sumu itoke. Mwingine kakimbilia kwake kuleta jiwe jeusi la kunyonya sumu. Mama mmoja kwa roho nzuri kabisa akasema tumnyweshe mafuta ya kula. Mjomba aliwashukuru wote, "Kamwene," salamu yetu ya Kihehe, "asanteni sana ndugu zangu," halafu hakuruhusu hata mmoja kumgusa mbwa. Nilimheshimu sana pale. Kukataa msaada wa majirani kijijini sio kitu chepesi, tena kwa ajili ya mbwa, na wembe kwenye sehemu ile ungemmaliza kwa sababu sumu ya kifutu inaharibu damu isigande vizuri na inaozesha nyama, ukimchana unamuongezea kidonda kwenye nyama inayokufa.

Tukapata boda. Dereva aligoma kwanza, mjomba akamlipa mara mbili. Mi nilikaa nyuma Watasema kwenye mapaja, kichwa chake nimekiinua kwenye kiwiko ili apumue, na ile pumzi nilikuwa naisikia inakwaruza. Kila tuta la barabara nilikuwa namuangalia pua.

Bwana mifugo alikuwa kijana, anakaa nyumba ya kupanga karibu na ofisi ya kata, tulimkuta anakula. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, kifutu huyu." Aliacha ugali hapo hapo. Akatandika turubai barazani, akamwashia tochi ya simu kinywani kuangalia kama koo linapitisha hewa, akanyoa manyoya kidogo mguu wa mbele akatafuta mshipa, akaning'iniza dripu kwenye msumari wa mlango. Akampiga sindano ya maumivu, na OTC, ile dawa ya kuua bakteria, kwa ajili ya usaha utakaokuja. Nikamuuliza dawa yenyewe ya kuua sumu iko wapi. Akaniambia ukweli, kwamba ipo, inatengenezwa Afrika Kusini kwa kutumia damu ya farasi waliozoeshwa sumu, kichupa hicho hicho kinafanya kazi kwa kifutu, kwa swila na kwa koboko, lakini ni ghali, inataka baridi, na hata kwa binadamu haipatikani kirahisi, yeye kwenye friji yake hana. "Tutamsaidia mwili upigane," akasema.

Mdogo wangu akamuuliza swali ambalo wengi walikuwa wanaliwaza. Watasema alikuwa na kadi ya chanjo, tulimpeleka siku ile wanayochanja mbwa wote wa kijiji bure. Sasa mbona imeshindwa? Bwana mifugo akamuelewesha taratibu kabisa bila kumcheka, ile ni ya kichaa cha mbwa, na ni muhimu kweli kweli maana inalinda hadi nyie mnaoishi naye, ila haihusiani na nyoka. Mjomba naye akaleta ya yule mzee wa Texas, kwa nini isiagizwe? Kijana akatingisha kichwa. Ile chanjo imetengenezwa kwa sumu ya nyoka wa njuga wa huko magharibi mwa Marekani, na nyoka wa njuga Afrika hayupo kabisa. Kinga ya mwili inamtambua adui iliyeonyeshwa. Ungemchoma Watasema chanjo ile kila mwezi, kifutu angemgonga vile vile.

Tulilala pale barazani. Usiku wa manane uvimbe ulifika kifuani, na mi nilikuwa nimeshakata tamaa kimoyomoyo ila sikusema. Alfajiri akakojoa. Bwana mifugo alifurahi mkojo ule kuliko sisi, akautazama rangi, akasema figo zinafanya kazi.

Alipona, lakini sio kama kwenye hadithi. Lile shavu likawa jeusi, ngozi ikakauka ikadondoka, meno ya upande ule yakawa yanaonekana hata akifunga mdomo. Mjomba alikuwa anamuosha kidonda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu asubuhi na jioni, anamlisha uji wa dagaa kwa mkono, mpaka nyama mpya ikaanza kufunga.

Baada ya hapo ndo mjomba akaanza kuwafundisha. Kola ya umeme hakuwa nayo na alisema hata angekuwa nayo asingeitumia, mbwa wake hawapigi. Alichofanya, swila aliyeuawa na vijana mferejini alimlaza kwenye njia, akamleta Sijali kwa kamba ndefu, mbwa akishusha pua tu mjomba anasema "Acha!" kwa ukali na kamba inamrudisha, akigeuka akaja kwake anapewa kipande cha nyama ya ndezi. Tena na tena, sehemu tofauti, wakati mwingine gamba la nyoka tu bila nyoka. Sijali alikuwa mgumu, Tutaonana alishika upesi. Ilifika mahali ukisema "Acha!" hata kama ana ndezi mbele yake anarudi.

Miaka kadhaa baadaye nikasoma habari ya watafiti wa Afrika Kusini waliotoa matokeo yao mwaka 2015, nikampigia mjomba simu hapo hapo. Walichukua mbwa waliofundishwa harufu, wakawajaribu kwa nyoka mbalimbali. Nyoka wengine mbwa waliwanusa vizuri. Kifutu mzima aliyetulia walishindwa, yaani hana harufu wanayoishika, ila gamba lake alilovua wanalinusa. Porini napo wale watafiti waliona mbwa wanapita karibu kabisa na kifutu bila kujua. Nilipomsomea mjomba akakaa kimya kidogo akasema, "Sasa naelewa kwa nini Tutaonana alipita pale." Mi nilikuwa nalo hilo swali moyoni tangu siku ile, yule jike alikuwa na pua kuliko mbwa wote niliowahi kuwaona, na alipita pembeni ya kifutu kama anapita pembeni ya jiwe.

Kwa hiyo mafunzo ya gamba yanasaidia kwa swila, na neno "Acha!" linasaidia kwa nyoka yeyote mtu aliyemuona kwanza. Kwa kifutu mjomba akabadilisha uwindaji wenyewe. Kwenye tuta la mfereji siku hizi mtu ndo anatangulia na fimbo ndefu anachokonoa majani mbele yake, kavaa buti za mpira, mbwa wanakaa nyuma mpaka wafike kwenye matete yenyewe. Matuta yanafyekwa kabla mpunga haujainama. Marundo ya majani makavu hayaachwi njiani. Mbwa hawavai ukanda wakienda kuwinda. Na kuna dumu la maji safi linabebwa kila safari, hilo ni kwa swila, kwa sababu msimu uliofuata Sijali alitemewa machoni, tukammiminia maji jicho kwa jicho muda mrefu huku mdogo wangu kamshika miguu asijikune, na akaona tena vizuri.

Watasema aliwinda misimu mingine na ule mdomo wake wa upande, akazaa watoto wengi pale kijijini. Mjomba bado ananiuliza kwenye simu, kila nikimpigia, kama chanjo ya kifutu imeshatoka. Namwambia bado mjomba, naye anasema basi mwambie bwana mifugo tunaomba hata ile dawa ya farasi iwekwe kwenye friji ya kata, kichupa kimoja tu, sisi wafugaji tutachanga.