Nilivyojifunza habari kwa kukaa mahakamani

Anayetaka kujifunza uandishi wa habari namshauri aanzie mahakamani, kama nilivyoanza mimi. Kwenye mkutano wa hadhara unaweza kupindisha kidogo na hakuna atakayeshtuka. Mahakamani kila jambo lina jina, kiasi na tarehe, na ukikosea mawakili wa pande zote mbili watakuwa wameshaisoma habari yako asubuhi.

Kazi huanza kabla hakimu hajaingia. Nasoma orodha ya kesi ubaoni na kunakili namba ya kesi, jina la hakimu na sababu ya shauri kuja: kutajwa, kusomwa hoja za awali, ushahidi au hukumu. Kesi ya kutajwa mara nyingi huishia kwenye "upelelezi haujakamilika" na tarehe nyingine, na siku hiyo aya mbili zinatosha. Kwa majina, siyaamini masikio. Baada ya shauri kuahirishwa namwomba karani nilinganishe daftari langu na hati ya mashtaka, kwa sababu Hamisi na Hamis ni watu wawili.

Penye fedha, wanaoanza hujikwaa. Tuseme mhasibu anashtakiwa kuiba Sh30,400,000 katika shtaka la kwanza na Sh18,250,000 katika la pili: jumla ni Sh48,650,000. Likifuata shtaka la tatu la kutakatisha Sh48,650,000, yaani kuzifanya fedha haramu zionekane halali, usijumlishe tena. Ni fedha zile zile zilizoshtakiwa kwa kosa jingine. Nimeona vichwa vya habari vikitangaza wizi mara mbili ya uliopo kwa sababu hiyo tu.

Halafu vitenzi. Wakili wa Serikali *anadai*, shahidi *anaeleza*, hakimu *anasema* au *anaamuru*. "Amekiri" ni neno la kuogopa: liandike tu pale mshtakiwa alipokubali shtaka lenyewe, si alipokubali jina lake na anuani yake. Kwenye kesi ya mauaji, mahakama ya hakimu mkazi haimtaki mshtakiwa ajibu chochote kwa kuwa kesi hiyo husikilizwa Mahakama Kuu. Kwa hiyo ukiandika "amekana kuua" umebuni. Na mtu hawi mwizi kabla ya hukumu, hata kama polisi walimtembeza mbele ya kamera.

Aya ya kwanza naiandika mwishoni mwa kupitia daftari, kwa maneno yasiyozidi 35, nikianza na kipya cha leo. "Kesi inayomkabili mhasibu imetajwa jana mbele ya Hakimu Mkazi Mwandamizi..." ni aya iliyolala. "Mhasibu anayedaiwa kuiba Sh48.65 milioni za shule ameachiwa kwa dhamana baada ya kuleta wadhamini wawili" inasimama. Jina kamili, umri, makazi na jina la hakimu viingie aya ya pili. Zifuate hoja ya upande wa mashtaka, jibu la utetezi, nukuu moja yenye uzito, historia fupi ya kesi, na tarehe ya kurudi. Mhariri akikosa nafasi atakata kutoka chini, kwa hiyo jibu la utetezi lisikae mkiani.

Taarifa ya haki na sahihi ya yaliyosemwa mahakama ikiwa wazi ina kinga ya kisheria dhidi ya madai ya kashfa. Aliyoyasema ndugu wa mshtakiwa nje kwenye ngazi hayana kinga hiyo, hata yawe matamu kiasi gani. Jina la mtoto, shule yake na chochote kitakachomtambulisha huachwa nje, likiwemo jina la mzazi linalofanana na lake.

Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye shajara kabla ya kutuma habari. Wengi huripoti kukamatwa kisha hupotea. Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) akiondoa shauri, andika kwamba mshtakiwa ameachiwa. Usiandike kwamba ameonekana hana hatia, maana shauri laweza kufunguliwa upya. Na habari hiyo mwombee mhariri ukurasa ule ule uliobeba ya kwanza. Mara nyingi atakataa. Omba tu.